Neno Lenye Shimo Katikati

Siku niliyoanza kushuku macho yangu, watoto wa darasa la nne walikuwa wananicheka. Nilikuwa nawasomea kifungu kifupi kuhusu kilimo, kifungu nilichokuwa nikikisoma kila mwaka katika shule ile iliyo juu ya Soni, na katikati ya sentensi nikasema wakulima wanalia mahindi. Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka nao, nikarudi kutazama, nikaona tena wanalia. Nikasogeza kitabu mbali, nikakileta karibu, nikakiinamisha kuelekea dirishani. Msichana wa dawati la mbele, aliyekuwa na kitabu kama changu, akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, ni wanalima."

Nilikuwa nimeshapita miaka hamsini. Nilivaa miwani ya kusomea kama walimu wenzangu wengi, nikadhani nguvu yake haitoshi tena. Lakini wiki zilizofuata yakaja mambo mengine. Mstari nilioandika ubaoni nikauona umebonyea katikati, kama kamba ya kuanikia iliyobebeshwa blanketi lililolowa. Nikawauliza watoto kama nimeandika kombo, wakasema hapana. Nguzo za umeme zinazopanda kutoka bondeni zikawa na kiuno. Matuta ya shamba letu la kabeji, ambayo mume wangu huyanyoosha kwa kamba, nikayaona yamepinda, nikamuuliza alilima na nani safari hii. Akasema alilima peke yake na kwamba matuta yamenyooka. Alinitazama kidogo, kisha akaendelea na chai yake.

Mahali palipobonyea ndipo baadaye palipotoboka. Watu huniuliza kama ninaona doa jeusi. Si jeusi. Ni kama ukungu wa mwezi wa Juni unapojaa bondeni kwetu: pembeni unaona mikaratusi, unaona mabati ya nyumba za ng'ambo, lakini hapo katikati hakuna kitu, na kama wewe ni mgeni hutajua kwamba kuna kijiji kizima kimefunikwa. Ukungu wangu ulikuwa unakaa palepale ninapotazama. Nikitazama kikombe, kikombe kinatoweka na meza inabaki. Nikihamisha jicho niitazame meza, kikombe kinarudi.

Katika kusoma ndipo nilipoumia. Miaka yote nilikuwa nimewafundisha watoto kwamba neno la Kiswahili lina mbele na lina nyuma, na kwamba uzito wake umekaa katikati. Mbele unajua ni nani na lini, nyuma unajua limeishaje, lakini jambo lenyewe lililotendeka liko katikati. Sasa nikawa naona mbele na nyuma tu. Nilikuwa najua kwamba mtu mmoja amemtendea mwenzake kitu, na kwamba kitu hicho kimekwisha, ila sikujua kama alimpenda au alimpiga. Nikawa nabahatisha. Kwa muda nilibahatisha vizuri, kwa sababu vitabu vya shule nilikuwa navijua karibu vyote kichwani, na hakuna aliyegundua isipokuwa yule msichana wa dawati la mbele, ambaye hakusema neno tena.

Mume wangu ndiye aliyenipeleka hospitali. Tulianza Lushoto mjini, wakanipima kwa kadi yenye mistari ya mraba na nukta katikati. Nikaambiwa nitazame nukta na niseme ninaona nini. Nikasema sioni nukta. Wakatuelekeza hospitali kubwa Moshi, tukashuka mpaka Mombo alfajiri na kupanda basi la barabara kuu. Mume wangu alivaa koti lake la kanisani. Njia nzima alinionyesha vitu dirishani, mkonge, reli, ng'ombe wa Wamaasai, na kila mara akiuliza, "Ile unaiona?" Nikijibu ndiyo anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayejumlisha.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, rika la binti yangu. Alinipa shikamoo kabla ya kunigusa. Alinitia dawa machoni, akachungulia muda mrefu kwa taa yake, kisha akazima taa na kutuambia kwamba mboni zangu ni nzima na sina mtoto wa jicho, ila nyuma kabisa ya jicho kuna kama pazia linalopokea picha, na katikati ya pazia hilo, mahali padogo panapotumika kusomea na kutambua nyuso, pamechakaa. Macho yote mawili. Mume wangu akauliza kuhusu upasuaji, kwa sababu jirani yetu alifanyiwa akarudi anaona. Daktari akamweleza kwamba yule alikuwa na mtoto wa jicho. Akauliza kuhusu miwani mikubwa zaidi. Daktari akasema miwani inanyoosha mwanga unaoingia, haiwezi kufuma upya kilichochakaa ndani. Akauliza tena kuhusu upasuaji, kwa maneno mengine. Kuna aina moja ya ugonjwa huu, daktari akasema, ambayo huzuiwa kwa sindano. Yangu haikuwa hiyo.

"Hutaingia gizani, mama," akaniambia. "Utatembea, utapika, utalima. Kitakachokusumbua ni maandishi na nyuso za watu."

Nikamwambia mimi ni mwalimu.

 Alichukua mkono wangu akaushika juu ya meza, na nilipogeuza kichwa nimtazame usoni sikumwona, niliona nywele zake zilizosukwa na ukuta wa nyuma.

Alitupeleka chumba cha pili kwa mtaalamu wa uoni hafifu, mwanaume mpole aliyezungumza taratibu kama anayefundisha chekechea. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba macho ya mtu anayesoma hayatelezi kwenye mstari kama tairi barabarani. Yanaruka. Yanatua kwenye neno, yanaruka, yanatua kwenye neno jingine, na mwenyewe hajui. Macho yangu bado yalikuwa yanaruka kama zamani, lakini kila yakitua, yanatua na shimo lake. Kwa hiyo nilitakiwa kuyafundisha kutua kando. Akakaa mbele yangu akaniambia nitazame sikio lake la kulia. Nikatazama, na mdomo wake ukatokea, ukiwa na ukungu kidogo lakini upo, na nikaona kwamba ana mwanya. Akaniambia nitazame paji la uso. Nikaona shingo. Tukazungukazunguka uso wake hivyo mpaka akagundua kwamba ninaona vizuri zaidi nikitazama juu kidogo na kushoto kwa kile ninachokitaka.

"Hapo ndipo pa kusomea sasa," akasema. "Neno likiwa hapa, wewe tazama pale."

Ni maneno mepesi. Lakini jicho halikufundishwa na mtu kwenda kwenye kitu kinachotakiwa, linakwenda lenyewe, tangu siku ya kuzaliwa. Nikitazama juu ya mstari, neno linatokea kwa chini, na mara tu ninapolifurahia, macho yanalirukia, na yakilirukia linatoweka. Nayarudisha juu, neno linarudi, nalitaka, macho yanaruka. Hamu yenyewe ya kusoma ndiyo iliyokuwa inanificha maandishi. Pale chumbani nilifaulu kusoma maneno machache ya herufi kubwa, mtaalamu akanisifu, akanipa kioo cha kukuzia chenye mpini na karatasi za mazoezi. Nilipotoka nje shingo iliniuma na blauzi ilikuwa imelowa jasho mgongoni, na Moshi siku hiyo hapakuwa na joto.

Nyumbani nilifanya mazoezi kila siku baada ya shule, kwenye meza ya jikoni karibu na dirisha. Nilijifunza kuweka rula chini ya mstari. Nilijifunza kugeuza karatasi upande, ili shimo langu liangukie mahali ambapo halitafunika herufi nyingi. Nilijifunza pia kutosogeza macho, bali kuyashikilia mahali pamoja na kuvuta karatasi yenyewe polepole kwenda kushoto. Nikafika mahali pa kusoma neno zima bila kukosea, kisha neno la pili. Lakini neno la Kiswahili ni refu, na kwenye kioo cha kukuzia zinaingia herufi tatu au nne kwa mara moja. Nikimaliza kukusanya vipande vya neno moja, nimeshasahau lililotangulia. Nikimaliza mstari, sijui ulianzaje. Kupata mwanzo wa mstari unaofuata kulikuwa kazi nyingine peke yake. Macho yaliporudi kushoto yalitua popote, mara mstari ule ule, mara wa tatu. Nilikuwa nikisoma kama watoto wa darasa la kwanza wanavyosoma, isipokuwa wao kila wiki wanaongeza kasi.

Shuleni, mwalimu mwenzangu wa darasa la tano alianza kunisaidia kusahihisha insha. Alikuwa akikaa karibu nami ofisini na kunisomea kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie. Maandishi ya kalamu ya risasi sikuyaona kabisa. Kwangu yalikuwa daftari tupu. Baada ya muhula mmoja mwalimu mkuu aliniita, akaniambia kwa heshima kwamba amefikiria kunipa darasa la kwanza, kwa kuwa kule mambo mengi ni kuimba na kukariri. Nikashukuru. Nilikuwa najua anachofanya na yeye alijua kwamba najua.

Nililipenda darasa lile. Walikuwa watoto wa wakulima wa mbogamboga, wengi wao wakizungumza Kishambaa tu nyumbani, na nilikuwa nikiwabembeleza kuingia Kiswahili kupitia nyimbo. Hawakuchukua muda kugundua kwamba mwalimu hawaoni. Hawakufanya ubaya. Waliacha kunyoosha kidole, wakawa wanasema, "Mimi, mwalimu," na mimi nafuata sauti.

Kisha ikawa asubuhi moja ya baridi, mvua ndogo ndogo ikinyesha, tunaimba irabu, nikasikia mtoto analia. Hakulia kwa sauti kubwa. Alikuwa analia kwa kujizuia, kama mtoto anayeumwa au aliyejikojolea na hataki wenzake wajue. Nikanyamazisha wimbo. Nikatazama upande ule, na kila uso niliougeukia ulifutika. Nikajaribu kutazama juu na kushoto kama nilivyofundishwa, nikaona sare, mashati meupe na sweta, vichwa vilivyonyolewa vyote sawa. Nikauliza nani analia.  Nikaanza kupita kati ya madawati, nikigusa mabega na mashavu, na wakati nafika nyuma, kilio kilikuwa kimekwisha.

"Ameshanyamaza, mwalimu," mmoja akaniambia.

Sikujua ni nani, na mpaka leo sijui alilia nini. Niliwaimbisha irabu mpaka kengele ikalia. Wiki ile ile nilimwendea mwalimu mkuu nikamwomba aanze taratibu za kunistaafisha kwa sababu ya afya. Hakunibembeleza nibaki, na nadhani alikuwa ameshaliwaza hilo kabla yangu.

Baada ya hapo niliingia vizuri zaidi katika maisha ya kijijini, na huko likanikuta jambo la salamu. Kwetu huku, mtu mzima hupiti bila kumpa shikamoo. Mtoto anayepitiliza huulizwa ni wa nani. Na mimi, mwalimu, mke wa mtu, nikawa napita njiani nimekaza shingo, natazama juu na kushoto ili nione ninapokanyaga, na bibi za watu wananipita. Nilikuwa naona kwamba kuna mtu. Kanga naiona, mzigo kichwani nauona. Sijui kama ni bibi wa kuamkiwa au ni msichana niliyemfundisha. Nikaamua kumwamkia kila mtu. Siku moja sokoni Soni nilimpa shikamoo kijana anayepakia karoti kwenye magari, akaangusha gunia. Alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Akasema, "Mwalimu, ni mimi," na sauti yake ilijaa aibu kana kwamba kosa ni lake. Tangu siku hiyo nikanyamaza tena, nikawa nasubiri niamkiwe kwanza.

Maneno yakamfikia mama mkwe. Alipanda kutoka kwake na fimbo yake, akaketi jikoni kwangu, akasema kwa Kishambaa kwamba kuna bibi mmoja, muuza pichi wa sokoni, rafiki yake tangu ujana, amesema mwalimu amekuwa na majivuno tangu alipotoka Moshi. Anatazama juu kama anayehesabu ndege. Nilimweleza yote tangu mwanzo, kadi ya mistari, pazia la jicho, shimo. Alisikiliza. Kisha akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu kuelekea wake.

"Waniona?" akauliza.

"Nakiona kitambaa chako cha kichwa, mama. Naona na mabega. Uso wako siuoni."

Hakuachia kidevu changu mara moja. Nilihisi vidole vyake, vikavu, vikinuka moshi wa kuni. Halafu akainuka, akachukua fimbo yake na kushuka. Nilisikia baadaye kwamba alizunguka nyumba moja moja, mpaka kwa muuza pichi. Tangu hapo watu wakawa wanajitaja wakifika karibu yangu. Wengine walijitaja kwa kupiga kelele, kana kwamba na masikio yameharibika, lakini nilishukuru.

Kilichobaki ni kanisani. Katika mtaa wetu nilikuwa msomaji wa somo la kwanza tangu nilipoletwa hapa nikiwa bibi harusi. Watu walisema nasoma vizuri, na nitasema ukweli, nilipenda kusifiwa. Nilipostaafu shule sikuacha kusoma kanisani, nilitafuta njia. Katikati ya wiki binti yangu, anayefanya kazi Tanga, alinisomea somo kwa simu, mara nyingi, mpaka nikalikariri. Jumapili nilisimama mbele ya kitabu kikubwa, nikakifungua mahali palipowekwa alama na kusema yote kwa moyo. Ilienda vizuri kwa miezi. Mwinjilisti anayeongoza mtaa wetu alijua. Waumini, sina hakika.

Jumapili moja akaja mchungaji mgeni, na somo alilolitangaza halikuwa lile nililokariri. Sijui ni nani aliyekosea, mimi, binti yangu, au kalenda. Nilikuwa nimeshafika mbele. Nikasikia kurasa zikifunguliwa, kisha zikatulia, na watu wakaningoja.

Nilijaribu. Herufi za kitabu kile ni kubwa kuliko za vitabu vya kawaida, na mwanga ulikuwa mzuri. Niliinua macho juu na kushoto, na upande huo ndiko uliko mlango. Nikasikia mabenchi yakilia. Watu walikuwa wamegeuka kutazama ni nani anayeingia. Hakuna aliyeingia. Wakageuka tena kunitazama. Nikapata neno la kwanza, nikalitamka. Nikapata la pili. Macho yakaruka, yakalifunika la tatu, nikayarudisha, yakatua mstari wa juu, nikasoma kipande cha mstari huo, nikajua hakiunganiki, nikarudi. Nikarudia neno la kwanza. Mtu akakohoa upande wa kwaya. Mume wangu alikuwa amekaa upande wa wanaume na hakuwa na la kufanya. Kama angeinuka angenivunjia heshima na kama angebaki angeniacha peke yangu, akabaki.

Mzee wa kanisa mmoja alikuja akasimama kando yangu, akaweka kidole chini ya maneno ili anionyeshe. Alikuwa na nia njema. Nilikiona kidole chake, ukucha wake mpana, ngozi iliyopasuka kwa jembe. Maneno yaliyo juu ya kidole sikuyaona.

"Soma wewe," nikamnong'oneza.

Akasoma. Nilisimama pale kando yake mpaka mwisho, mikono imeshika ukingo wa meza, kwa sababu kushuka peke yangu mbele ya watu wote niliona ni kubaya zaidi. Alipomaliza tulishuka pamoja, na kwaya ikaimba.

Mwinjilisti alifika nyumbani siku mbili baadaye. Aliniambia kwamba wameona nipumzike kusoma, niongoze maombi, kwani maombi hayahitaji kitabu. Nilikubali. Nayaongoza mpaka leo. Mume wangu alipoona siachi kunyamaza, akajitolea kunisomea. Yeye aliishia darasa la nne, akaenda kulima na baba yake, na kusoma kwake ni kwa silabi, kila neno analipanda kama mlima. Alikuwa akitoka shambani, ananawa, anakunywa chai, kisha anachukua kitabu na kukaa barazani. Mimi nikisikia nusu ya neno nalimalizia. Sikuweza kujizuia, ni mazoea ya darasani. Jioni moja akafunga kitabu.

"Kama unajua linalofuata," akasema, "mimi nasoma nini?"

Hatukugombana. Aliniwekea kitabu mapajani akaenda kufunga mbuzi. Niliketi nacho barazani nikikipapasa jalada, nikisikia watu wakipita njiani na kujitaja mmoja mmoja. Hatujajaribu tena.

Binti yangu akaniletea simu inayosoma. Ndani yake kuna sauti ya mwanamke asiyechoka, anayesoma Kiswahili kama mtu aliyekijifunzia uwanja wa ndege. Neno ng'ombe hawezi kulitamka, na nukta anaipita kama haikuwekwa. Kwa simu hiyo hiyo nayasema haya, na binti yangu anayanyoosha. Inanisaidia, siwezi kusema vinginevyo. Habari nazipata, hadithi nazisikia. Lakini nilipokuwa nasoma kwa macho, ningeweza kusimama kwenye sentensi nzuri, nikarudi nyuma, nikaitazama tu jinsi ilivyokaa. Yule mwanamke haachi kwenda. Nikimrudisha, anarudi mbali mno, na anaisema vilevile, haraka, bila kujua kwamba ni nzuri.

Kioo cha kukuzia bado ninacho. Siku nyingine, macho yakiwa yamepumzika, nachukua ukurasa wowote na kusoma mstari mmoja. Mtaalamu aliniambia wengine hufika mbali, macho yao yakakubali makazi mapya, wakasoma hata magazeti. Yangu hayajakubali. Yakisahauliwa kidogo tu, yanakwenda katikati.

Mwaka huu binti yangu alijifungua, akaja kukaa kwetu kama desturi ilivyo kwa uzazi wa kwanza. Mtoto wa kike. Nilimwogesha, nilimkanda, nilimbeba. Kazi hizo hazihitaji sehemu iliyoharibika. Nikitaka kumwona namlaza mapajani juu ya mto na kutazama juu ya kichwa chake, kushoto kidogo, kwenye ncha ya mto, na uso wake unanijia kwa pembeni, pua ndogo, mdomo unaotafuta. Hivyo ndivyo nilivyomjua.

Mtoto alipofikia umri wa kuanza kutazama watu, siku moja binti yangu alikuwa ameketi nasi barazani akichambua maharage. Kulikuwa na jua. Mtoto alikuwa mapajani kwangu, nami nilikuwa namwona vizuri kuliko siku nyingi, nikiwa nimekaza macho kwenye ncha ya mto. Binti yangu akaacha kuchambua.

"Mama," akasema, "anakutafuta."

Nikauliza ananitafutaje wakati nimemshika.

"Macho yako. Anayatafuta, hayapati. Anageuza kichwa kila upande." Akanigusa goti. "Mtazame basi, mama."

"Nikimtazama simwoni."

 Nilisikia maharage machache yakidondoka kwenye ungo. Nilibaki nimetazama mto, na kwa chini ya macho yangu niliuona uso ule mdogo ukigeuka, ukiinuka kidogo, ukigeuka tena. Nilitaka sana niendelee kuuona. Kisha nikayaachia macho yaende yanakotaka, katikati, na uso wa mjukuu wangu ukafutika wote, ikabaki shuka na mikono yangu miwili. Nikakaa hivyo, nikitazama mahali alipokuwa.

"Ameyapata," binti yangu akasema. "Anacheka, mama. Anakuchekea wewe."

Nikamwomba aniambie anachekaje.